Kazi Aliyoianza Daktari Mrefu

Zikibaki wiki mbili shule zifunguliwe, fundi cherehani hana raha. Barazani kuna cherehani tatu, na zote zinalia tangu asubuhi. Sketi za buluu zimerundikana mezani. Mashati meupe yananing'inia kwenye waya. Kila mzazi anataka sare ya mwanawe iishe kwanza, na kila mzazi anaapa kwamba yeye ndiye aliyekuja mapema. Waongo wote hao!

Cherehani ya katikati ilikuwa ya mama mmoja mwembamba, mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Watu walimwita Fundi. Wenzake wawili nao walikuwa mafundi, lakini ukisema "Fundi" pale barazani, basi umemtaja yeye. Sketi aliyoishona ilivaliwa na dada, ikarithiwa na mdogo, na mdogo wa mdogo akaichoka kabla haijachanika.

Karibu naye, kwenye kigoda, alikaa binti yake wa miaka minane. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo. Alivishona kwa haraka, akikata uzi kwa meno, na kila mara mama yake alimkataza kukata uzi kwa meno. Mtaa mzima ulimwita Kifungo, na mwenyewe aliitika.

"Mama, shati hili la nani?"

"La mtoto wa mwenye duka."

"Anaingia darasa la ngapi?"

"La pili."

"Na mimi ningekuwa darasa la ngapi?"

Fundi akakanyaga cherehani kwa nguvu. Cherehani ikapiga kelele, naye akajifanya hakusikia. Alikuwa hodari wa kujifanya hakusikia.

Nyuma ya baraza kulikuwa na chumba kidogo cha kupimia nguo, chenye kioo na pazia. Mchana, Fundi alimtafuta Kifungo asimwone. Akatazama chini ya pazia, akaona miguu miwili. Akalisogeza pazia kidogo tu, upana wa kidole.

Kifungo alikuwa amevaa sare ya mtoto wa watu. Sketi haikumfunga kiunoni, kwa hiyo aliishikilia kwa mkono mmoja. Alisimama wima mbele ya kioo, kidevu juu.

"Nipo, mwalimu," alinong'ona. Akanyamaza kidogo, kama anasikiliza. Kisha akasema tena, kwa sauti iliyo bora zaidi, "Nipo, mwalimu."

Fundi akaliachia pazia. Akarudi kwenye cherehani yake, akatunga uzi kwenye sindano, na uzi ukakataa kuingia mara tatu. Siku hiyo alitamani kitu kimoja tu duniani, mwanawe aitwe jina darasani na aitike. Alikuwa akikitamani kitu hicho kwa miaka miwili.

Kwa nini Kifungo hakuwa shuleni? Basi sikiliza.

Kifungo alizaliwa bila njia ya haja kubwa. Alikuwa mtoto mzuri, mwenye sauti kali ya kulia, lakini pale ambapo pangekuwa na tundu hapakuwa na tundu. Siku ya pili tumbo lilivimba. Akakimbizwa hospitali kubwa. Huko alikuwepo daktari mmoja mrefu, mrefu hasa, aliyeinama kila alipopita mlangoni. Alimpasua mtoto na kumfungulia tundu tumboni, upande wa kushoto, ili choo kitokee hapo. Kifungo akapona. Daktari mrefu akawaambia wazazi, "Tundu hili ni la muda. Kuna kazi imebaki. Mrudisheni baada ya miezi mitatu."

Walirudi. Wakakuta daktari mrefu amehamishwa kwenda mbali. Karani wa mapokezi akawaambia waache namba ya simu, watapigiwa. Wakaacha namba ya baba.

Sasa baba yake Kifungo ni mpaka rangi za nyumba. Mwezi haukuisha, simu yake ikatumbukia kwenye ndoo ya rangi nyeupe. Ilitoka imependeza sana, ila haikusema neno tena. Akanunua nyingine, akapata namba nyingine. Watu walicheka, na yeye alicheka. Hakuna aliyekumbuka kwenda kumwambia karani.

Wakangoja. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Fundi, mtu wa mkono mwepesi, akamshonea mwanawe mkanda wa kitambaa wa kuzunguka tumbo. Ndani aliweka mfuko wa kupokea choo, wa kubadilisha, juu akaweka pamba, pembeni akaweka lastiki. Kila mwaka alitengeneza mkanda bora kuliko wa mwaka uliopita. Alikuwa hodari kupita kiasi, na hapo ndipo shida ilipojificha. Majirani hawakujua chochote. Yeye mwenyewe alizoea mpaka akasahau kwamba daktari alisema "la muda".

Kifungo alipofika miaka sita, alipelekwa shule. Siku mbili zilipita salama. Siku ya tatu, kwenye mchezo, mkanda ulihama. Watoto waliziba pua, wakakimbia huku wakicheka. Kifungo alirudi nyumbani peke yake, mikono yote miwili ameikaza tumboni, akasema, "Shule siipendi." Alisema uongo, na mama yake alijua kuwa ni uongo.

Alasiri ya siku ile ile ya pazia, akaja jirani mpya. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuwa muuguzi mstaafu. Miaka thelathini alisimama ndani ya chumba cha upasuaji akiwapa madaktari vyombo. Watu walimwita Sista. Mkononi alikuwa na gauni ambalo halijaisha. Mkono mmoja umeshonwa, mwingine umeshikizwa kwa pini.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Niokoe. Fundi aliyenikatia gauni hili amehama mji. Mjukuu wangu anaolewa, nami nina gauni la mkono mmoja."

Fundi akaligeuza gauni, akatazama mishono, akalikunja vizuri. Akamrudishia.

"Samahani, mama. Siwezi. Limekatwa na mtu mwingine."

"Kwani huyo mtu mikono yake ina sumu?"

Mafundi wenzake wakacheka. Fundi hakucheka. Pale barazani kulikuwa na desturi iliyowatangulia wote. Kazi iliyoanzwa na fundi mwingine haiguswi. Ukiiharibu, lawama ni zako. Ikipendeza, sifa ni zake. Na hakuna fundi anayeandika popote alikata vipi, kwa hiyo utafuata nini? Aliyekata atafutwe, amalize.

"Na asipopatikana?" Sista akauliza.

"Basi kitambaa kinakaa."

Sista akaweka mikono kiunoni. "Ee Mungu wangu! Bora hukuwa daktari, mwanangu. Mgonjwa angelala mezani tumbo wazi, anangoja mwenye kisu arudi kutoka likizo!"

Mafundi wale wawili wakacheka mpaka mmoja akajichoma sindano. Lakini Fundi uso ulimbadilika. Neno lile lilimwingia penyewe. Kwa sababu yeye alikuwa akimngoja daktari mrefu, miaka minane sasa. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini ndani ya moyo wake aliamini hivyo. Aliyemkata mwanawe ndiye aliyejua alichokata. Nani mwingine angethubutu kuugusa mshono ule?

Sista akaomba maji ya kunawa, akaelekezwa uani. Huko kwenye kamba kulikuwa na mikanda minane ya kitambaa, imefuliwa, imenyooshwa, imepangwa kwa ukubwa. Sista akasimama. Akashika mmoja, akaugeuza, akatazama mahali pa mfuko. Aliporudi barazani sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwanangu, njoo tuongee ndani."

Waliingia kwenye chumba cha kupimia, wakashusha pazia.

"Mikanda ile ya nani?"

"Ya kawaida tu, mama."

"Nimekaa na watoto waliopasuliwa miaka thelathini. Usinifiche. Ni huyu binti wa vifungo?"

Fundi akataka kusema hapana. Badala yake machozi yakamtoka, akaeleza yote. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kwenda mbele, pamoja na ndoo ya rangi. Sista alisikiliza bila kumkatiza.

"Sasa nisikilize," Sista akasema. "Mtoto anayezaliwa hivyo, mara nyingi hutibiwa kwa hatua tatu. Ya kwanza ni hilo tundu la tumboni, ili asife. Ya pili, anatengenezewa njia pale inapotakiwa kuwa. Ya tatu, njia mpya ikipona, tundu la tumboni linafungwa. Mwanao amekaa kwenye hatua ya kwanza miaka minane."

"Na daktari wake hayupo."

"Daktari mwingine yupo."

"Mwingine? Ataufungua mshono wa mwenzake?"

Hapo Sista akaelewa yote kwa mara moja. Akavua miwani, akaifuta.

"Jioni nitakuja kwenu, mumeo akiwepo," alisema. "Kuna kitu lazima mkijue wote wawili."

Baba Kifungo alirudi na madoa ya rangi ya kijani mpaka kwenye nyusi. Akamkuta Sista amekaa kwenye kiti chake. Akasalimia, akakaa chini.

"Madaktari wanaopasua watoto wana chama chao," Sista akaanza.

"Chama!" Baba akaguna. "Sisi wapaka rangi tulikuwa nacho. Kazi yake ilikuwa kugombea uenyekiti. Tulipaka ukuta mmoja tu, wa ofisi."

Hata Fundi akacheka kidogo. Sista alicheka pia, kisha akaendelea.

"Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Mishipa yake ni myembamba, vyombo vyake ni vidogo, hata dawa ya usingizi hupimwa kivyake. Daktari wa upasuaji wa watoto husoma miaka mingi zaidi baada ya udaktari wa kawaida. Kwa hiyo ni wachache. Na hao wachache wametawanyika, mmoja hospitali hii, mwingine mwendo wa siku nzima. Kila mtu akifanya kivyake, mtoto anapotea katikati. Ndiyo maana wakaunda chama."

"Chama chenyewe kinafanya nini?" Fundi akauliza.

"Wanakutana kila mwaka. Kila mmoja anawaeleza wenzake kazi iliyomshinda, hata aliyokosea. Nimewasikia kwa masikio haya. Daktari mzima na mvi zake anasema, hapa niliteleza, nanyi msiteleze."

"Anasema kosa lake mbele za watu?" Fundi hakuamini. Yeye angekula kitambaa kabla hajasema kosa lake mbele ya wale wawili wa barazani.

"Mbele za watu. Tena wamekubaliana mtoto mwenye shida kama hii apite hatua zipi. Na daktari aandike nini baada ya kupasua, ili akiondoka, mwingine asome na kuendelea pale pale. Wanafundisha wauguzi na madaktari wa hospitali za mbali. Wanawasumbua wakubwa mpaka vyombo vya watoto vinanunuliwa. Na wana daftari la watoto wanaongoja hatua inayofuata."

"Kwa hiyo chama ndicho kitakachompasua?" Baba akauliza.

"Chama hakipasui mtu. Anayepasua ni daktari, na anapasua hospitalini. Kazi ya chama ni kuhakikisha huyo daktari hayuko peke yake."

Baba Kifungo akaanza kubandua rangi kwenye vidole. Mkewe aliijua dalili hiyo. Mtu yule alikuwa na hofu.

"Mama, mtoto huyu anakula," alisema mwishowe. "Anacheza. Anatuchekesha. Mimi nilimwona siku ile amelala na mipira puani, mdogo, hata mkono wangu ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Mnataka nimrudishe kwenye kitanda kile? Akifia huko je?"

"Ni swali la haki," Sista akasema. "Kila upasuaji una hatari yake. Muulizeni daktari maswali yote, atawajibu. Mimi nasema mkasikilize tu."

Kifungo alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu saa ngapi.

"Baba," alisema, "mimi nataka mwalimu aniite jina, halafu niseme nipo."

Baba akafunika uso kwa mikono yake yenye rangi. Alipoifunua, nyusi zilikuwa za kijani zaidi na macho yalikuwa mekundu.

"Kliniki ni siku gani?" akauliza.

Kliniki ya upasuaji wa watoto ilikuwa kila Jumatano. Fundi alibeba kadi ya zamani ya Kifungo. Miaka yote alikuwa ameihifadhi ndani ya bati la vifungo, imekunjwa mara nne. Walimkuta daktari mwanamke, mchanga, mfupi. Alikuwa mfupi hasa, akipasua husimama juu ya kibao. Kifungo alimtazama, akamnong'oneza mama yake, "Huyu ni wangu, tunalingana." Daktari mfupi akasikia.

"Ni mimi wako, ndiyo. Shida yangu moja tu, kabati la juu silifikii."

Akampima Kifungo taratibu, akimweleza kila anachofanya kabla ya kukifanya. Kisha akafungua kadi. Akasoma jina la daktari mrefu. Akainua macho.

"Mama, wewe kazi yako nini?"

"Fundi cherehani."

Daktari akavuta kompyuta, akabonyeza, akatafuta. Akaigeuza ili Fundi aone. Kulikuwa na mstari mmoja wenye jina halisi la Kifungo, tarehe aliyozaliwa, na maelezo ya upasuaji. Chini yake palikuwa na maneno yaliyorudiwa kila mwaka.

"Mwaka wa kwanza: simu haipatikani. Mama ni fundi cherehani. Atafutwe," daktari akasoma. "Mwaka wa pili: hajapatikana. Atafutwe. Wa tatu: hajapatikana. Atafutwe..." Akasoma mpaka wa nane. "Hili ndilo daftari la chama chetu. Daktari mrefu alimwandikisha mwanao kabla hajahama. Kila tunapokutana, majina ya watoto waliopotea yanasomwa. Nimelisikia jina hili kila mwaka tangu nijiunge. Husimama yeye mwenyewe na kuuliza, yule mtoto wa fundi cherehani, nani amemwona?"

Fundi akashika ukingo wa meza. Miaka minane alikuwa akimngoja mtu, kumbe mtu huyo naye alikuwa akimtafuta. Aliona uchungu na furaha kwa wakati mmoja, asijue ashike lipi. Akalia waziwazi, na baba Kifungo akalia, na daktari akawasogezea karatasi za kufutia.

"Sasa mtamngoja arudi?" Fundi akauliza.

"Hapana, mama. Nitaendelea mimi. Ameandika kila alichokata na kila alichoshona. Soma hapa. Tunaandika kwa namna moja sote. Nikikwama, nampigia. Nisipompata yeye, nampata mwenzake. Lakini lazima niwaambie ukweli. Kazi hii kwa kawaida hufanywa mtoto akiwa mdogo. Akiwa mkubwa inawezekana, ila itampasa ajifunze kubana choo. Itachukua muda, na siku nyingine atachafuka. Mtavumilia?"

"Tumevumilia mikanda minane," akasema baba.

Basi kazi ikaanza, na haikwisha kwa siku moja. Kwanza vilifanywa vipimo vya damu, moyo na figo. Zilipigwa picha za kuonyesha utumbo umeishia wapi. Siku ya upasuaji wa pili, Kifungo hakula tangu asubuhi kama alivyoelekezwa, na alilalamika juu ya njaa mpaka dawa ya usingizi ilipomnyamazisha. Wazazi walikaa kwenye benchi la nje saa tatu na nusu. Fundi hakuwa na kitu cha kushona, na mikono yake haikujua ikae wapi.

Daktari mfupi akatoka na kofia mkononi. "Ameshaamka. Anauliza chakula."

Njia mpya ilipopona, muuguzi alimfundisha Fundi kuipanua kidogo kidogo kwa kijiti laini cha hospitali, asubuhi na jioni, ili isisinyae. Fundi aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote barazani aliogopa mwili wa mwanawe. Siku ya kwanza Kifungo alilia, mama akalia, na kazi haikufanyika. Siku ya pili Sista akaja kukaa karibu. Siku ya tano Kifungo alisema, "Mama, fanya haraka, nina vifungo vya kushona." Wakazoea.

Miezi michache baadaye tundu la tumboni likafungwa. Mahali pake pakabaki alama, ndefu kidogo kuliko kidole cha mtoto. Kujifunza choo kulichukua muda, kama daktari alivyosema. Kifungo alikaa chooni kila baada ya kula, alikunywa maji mengi, na daktari alimpa dawa kipindi fulani. Palikuwa na siku za kuchafuka, na siku hizo alinuna mpaka jioni. Kisha zikapungua.

Msimu wa sare ulipozunguka tena, Fundi alimwita Kifungo chumba cha kupimia. Akashusha pazia. Akazungusha futi kiunoni, akaandika kwenye daftari, kisha akashangaa. Akapima tena.

"Nini, mama?"

"Inchi ishirini na mbili."

"Mwaka jana uliandika ishirini na sita. Nimekonda?"

"Hapana. Mwaka jana nilipima mkanda."

Akamshika mwanawe kiunoni kwa mikono miwili, kiuno chenyewe, chembamba, bila pamba wala lastiki. Akakaa hivyo mpaka Kifungo akasema anatekenywa.

Barazani nako kulibadilika kidogo. Gauni la Sista, Fundi alilimaliza yeye. Alifungua mshono wa mtu asiyemjua, akaufuata, akaunganisha mkono wa pili, na mjukuu alipoolewa Sista alicheza mpaka miwani ikakatika uzi. Mafundi wale wawili waliguna wiki nzima. Lakini sasa kuna daftari moja la vipimo linaning'inia kwenye msumari, na mmoja akiugua, mwenzake anafungua na kuendelea. Wanagombana juu ya mwandiko mbaya tu. Na muuguzi wa kliniki alipoiona mikanda, aliomba kielelezo chake, ili mama ambao watoto wao bado wanangoja hatua inayofuata wajue kuishona. Fundi hakuwahi kumpa mtu yeyote kielelezo chake. Hicho alikitoa, akaandika juu yake kwa kalamu nene: NI WA MUDA.

Shule ikafunguliwa. Kifungo aliingia darasa la kwanza, mrefu kuliko wenzake wote kwa kichwa kizima. Hakujali.

Wiki ya pili, asubuhi, Fundi alikuwa peke yake na rundo la mashati. Kigoda kilikuwa kitupu. Vifungo alishona mwenyewe, na alikuwa ameshajichoma mara mbili. Alimkumbuka mwanawe vibaya sana. Barazani palikuwa kimya mno bila yale maswali. Simu ikalia, namba asiyoijua.

"Haloo, hapo ni kwa fundi cherehani?" Sauti ilitoka mbali, na nyuma yake watu walikuwa wakiongea. "Mimi ndiye daktari mrefu. Tuko kwenye mkutano wa chama. Jina la mwanao limesomwa sasa hivi, mama. Mwenzangu amesimama na kusema, huyu amepatikana na amemaliza. Watu wamepiga makofi. Nimetoka nje nikupigie. Tafadhali, nipe nisikie sauti yake. Yupo?"

Fundi akaweka shati chini. Miaka mingi watu walimuuliza mtoto yuko wapi, naye alimeza mate na kujibu yupo, yuko hapa nyumbani. Akakishika kigoda kitupu, akavuta pumzi, akasema taratibu ili kila neno lisikike.

"Hayupo, daktari. Yuko shule."